Ngano ya Duara la Tatu

Jumapili, 9 Novemba. Riyadh

Mvua siku ya tatu. Riyadh! Mji ambao mwavuli nilionunua mwaka jana ulikuwa wa jua. Leo ndoo nne zimepangwa kwenye korido ya ofisi hapa Al-Malqa, na zulia limelowa mpaka linanuka mbwa. Katibu wa bosi anafukiza udi ili aue harufu. Sasa tuna mbwa aliyefukizwa udi.

Na wote wanafurahi — hilo ndilo linaloniudhi. Bosi Mishari ameleta tende na kahawa kwa ofisi nzima, anapiga picha dirishani, anawatumia ndugu zake. Wana jina la mvua hii ya kabla ya baridi: wasmi. Akilitamka macho yanamlegea kama ametaja mchumba. Nikamwambia, bosi, wasmi ni nzuri kwa ngamia, mimi nina ngano. Akacheka, akanijazia kikombe. Mvua ni baraka, ya muhandisa, yaani mhandisi, usiinung'unikie, utaifukuza. Laiti ningeweza!

Niandike hapa yale ambayo ofisini hakuna anayetaka kuyasikia. Tuna maduara manne ya ngano shambani, upande wa Al-Kharj, kila duara na mashine yake ya kumwagilia inayozunguka. La kwanza na la pili ni mchanga. Mvua ikikatika leo, kesho kutwa trekta inaingia. La tatu na la nne yako bondeni. Udongo wa mfinyanzi mtupu. Yanashika maji kama karai. Na ngano ya baridi lazima iwe ardhini kabla Desemba haijaisha, la sivyo joto litaikuta changa na tutavuna makapi. Mbegu zenyewe bado ziko Jeddah, bandarini.

Msimu uliopita la tatu na la nne yaliniaibisha. Bosi aliniambia kwa upole, na upole wake ndio mbaya: yakikataa tena, mkataba wangu hauongezwi. Kwa hiyo nimepeleka udongo wa huko maabara ukapimwe rutuba. Majibu watampelekea Mzee Babikir, msimamizi wa shamba, naye atanipigia. Nangoja.

Ijumaa, 14 Novemba. Shambani

Jua limetoka siku mbili, na pamoja na jua wametoka watu. Magari makubwa yamejaa katikati ya duara la kwanza! Udongo niliouandaa wiki nzima! Wamekuja na mahema, mazulia, birika, watoto, kuangalia majani mapya ya wasmi. Hakuna hata jani moja mle ndani, ni shamba lililolimwa, lakini nani wa kuwaambia.

Mama mmoja aliniita, akanikalisha, akanipa chai ya maziwa na kipande cha keki. Mtu mwema kabisa. Aliniuliza watoto wangu wako na nani Kenya, akaniombea dua. Saa moja baadaye ameondoka, na pale alipokuwa amekaa kuna nepi mbili, mifupa ya kuku na chupa za plastiki. Nepi! Kwenye shamba la ngano! Nilisimama nikiangalia na ladha ya ile keki bado iko mdomoni.

Mzee Babikir alichukua reki na gunia, akaanza kuokota. Ni Msudani, mrefu, mwembamba, yuko shamba hili miaka kumi na tisa. Wahandisi wanakuja na kuondoka, yeye anabaki. Hajui Kiingereza. Mimi Kiarabu sikusomea, lakini tunaelewana vizuri tu. Nusu ya Kiswahili si ni chao? Ardhi, wakati, hesabu, habari, hatari. Unalitupa neno, unalikazia koo kidogo, linafika.

Dancan, fundi wetu wa trekta kutoka Bungoma, amenisikia nikimpa mzee maagizo akacheka mpaka akashika tairi. "Enjinia, hiyo si Kiarabu. Hiyo ni Kiswahili umevalisha kanzu."

Nikamwambia ashughulike na matairi yake. Yeye ana miaka sita hapa na anachojua vizuri ni yalla na halas, twende na basi. Baadhi ya watu wanaona fahari kutojifunza.

Jumanne, 18 Novemba. Jeddah

Bosi amenituma nije nitoe mbegu mwenyewe. Bandari ilisimama siku mbili kwa mvua, sasa makontena yamerundikana. Kampuni ina nyumba ya wageni Al-Safa, ghorofa ya chini kabisa. Nimefika nikakuta barabara imekuwa mto, na si mto wa maji safi. Mifuniko ya maji taka imenyanyuka. Kuna dereva wa jirani alikuwa anavuka na viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, nami nikamfuata. Sitaandika kilichogusa mguu wangu. Nimeoga mara mbili. Bafuni mende wametoka kwenye bomba, wengi, wamepanga foleni kuta nzima.

Bandarini nimekutana na karani anayeshughulikia mzigo wetu, Onesmo, Mtanzania, wa Tanga. Adabu yake inakera kuliko matusi. "Dada yangu, pole sana na safari. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Kontena lako lipo."

Nikamwambia basi litoke.

"Lipo, dada. Ila halitoki."

Lipo ila halitoki! Karatasi moja ina muhuri wa juzi badala ya jana. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki kwa saa tano nikinusa chumvi na dizeli.

Alhamisi, 20 Novemba. Jeddah

Limetoka! Magunia mazima. Nimeingiza mkono hadi kwenye kiwiko: kavu. Malori mawili yameondoka saa nne asubuhi. Onesmo amenipa pole nyingine, sijui ya nini. Nabaki hapa kusubiri kontena la mbolea.

Dancan anasema duara la kwanza na la pili yamekauka, mashine ya kupanda imeshafungwa kwenye trekta. Nimemwambia lori likifika tu waanze hayo.

Jumapili, 23 Novemba. Jeddah

Habari njema, hatimaye! Mzee Babikir amenitumia sauti kwa simu. Winchi zinalia juu ya kichwa, nikaisikiliza nimeziba sikio la pili kwa kidole. Duara la tatu na la nne: rutuba katir! Rutuba nyingi! Niliruka mbele ya watu. Majibu ya maabara hayo. Kumbe udongo haukuwa na kosa, mwaka jana ilikuwa mbegu tu, na mimi nikabebeshwa aibu ya bure. Kuna kitu aliongeza mwishoni sikukipata, Onesmo alikuwa ananivuta nikatie sahihi.

Nimemjibu hapo hapo kwa sauti. Rutuba katir? Mashallah, ya ammi! Tamam! Yalla, panda yote manne! Kwa Kiarabu changu, bila mkalimani. Akarudisha tena, kama haamini: rutuba katir, tamam? Nikasema tamam, tamam, sawa kabisa. Mzee naye anaogopa kufurahi.

Nimemnunulia Onesmo juisi ya embe. Hata mende wa leo nimewasamehe.

Alhamisi, 27 Novemba. Jeddah

Mvua tena. Mbolea haijatoka. Godoro lina harufu ya watu wote waliowahi kulilalia. Nataka kurudi shambani nikaone kijani changu. Nimechoka kabisa na pole za Onesmo.

Jumatano, 3 Desemba. Shambani

Duara la kwanza: kijani. La pili: kijani, mistari imenyooka, unaweza kuipigia rula. La tatu: hakuna.

Hakuna! Nimetembea kutoka ukingoni hadi katikati. Nyayo za trekta zimezama mpaka magotini na ndani yake kuna maji yaliyolala yenye utando wa kijani. Walipanda kwenye tope. Kwenye tope! Hata mtoto wa darasa la nne, mwenye shamba la maharagwe nyuma ya shule, angengoja. Udongo umekandwa ukawa tofali, mbegu zimefungiwa ndani bila hewa.

Nimefukua kwa mkono. Punje ziko pale pale zilipodondokea. Zimevimba, zimevaa ukungu mweupe wenye manyoya. Nimeibonyeza moja ikapasuka ikatoa maziwa ya kijivu. Harufu! Uji uliosahauliwa kwenye sufuria wiki nzima. Imeingia chini ya kucha, nimenawa mara tano na ninapoandika bado naisikia. Nimepima mita moja ya mraba, nikahesabu miche. Panatakiwa mia mbili na zaidi. Nimepata minne, ya manjano, imeinama.

La nne ni hivyo hivyo. Nilitapika pembeni ya bomba.

Nimemwita Mzee Babikir mbele ya wote. Sikumwita ammi. Nimemuuliza nani alimwambia apande humu. Akasema taratibu, inti gulti. Wewe ulisema.

Mimi! Mimi nilisema upande ngano kwenye bwawa? Nilimwambia ni mwongo. Kiarabu cha mwongo ninakijua pia, kadhabu, nikakitumia. Watu wote wakaangalia chini. Akatoa simu yake mfukoni kunionyesha, haiwaki. Iliingia maji siku ile ya kupanda. Bila shaka! Simu za waongo huwa zinaingia maji. Dancan alitaka kusema kitu, nikamwambia anyamaze.

Kinachonichefua ni utulivu wake. Mtu mzima, mvi kichwani, anasimama kwenye uozo alioufanya mwenyewe na kumtwika mwanamke.

Alhamisi, 4 Desemba. Riyadh

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili. Nimeandika kwamba msimamizi alipanda duara la tatu na la nne kinyume cha maelekezo ya kitaalamu, katika udongo uliojaa maji, na mbegu zimeoza. Kila neno limepimwa. Bosi Mishari ameisoma akinywa kahawa, amefunga macho, akauliza mara moja tu: una hakika? Nikasema nina hakika.

Halas, akasema. Apewe eksit ya mwisho, kibali cha kuondoka nchini bila kurudi. Atie sahihi Jumanne, aondoke.

Nilidhani atamkata mshahara kidogo, au ampeleke duara jingine, au amgombeze. Eksit ya mwisho! Bosi ndiye kafili wake, mdhamini wake, tangu siku ya kwanza, ikama yake, kibali cha kuishi hapa, imefungwa kwa jina hili hili, hakuna kwingine. Na kwao kuna vita. Dancan aliwahi kuniambia nyumba ya mzee huko haipo tena, mke na mabinti wako mpakani kwenye hema. Sasa atarudi wapi? Sikuuliza. Alifanya kosa, si mimi. Mtu akiharibu mashamba mawili na bado akasema uongo, ulitaka nimlinde kwa nini?

Chakula cha mchana nimekirudisha jikoni. Ni ile harufu bado.

Jumamosi, 6 Desemba. Riyadh

Bosi ameniomba nipite nyumbani kwake, hapa hapa Al-Malqa, mkewe, madam, anataka mtu wa kilimo amwangalizie waridi lililokufa maji. Nikaenda. Waridi limekufa kweli, mizizi myeusi. Nikachomoa jiti moja nimpelekee madam ndani aone.

Ndani Terry alikuwa juu ya ngazi na kitambaa na ndoo ya klorini. Terry ni Mkenya mwenzangu, wa Nakuru, anafanya kazi za ndani kwao mwaka wa tatu. Ukuta wa sebule umeingiza maji ya mvua. Rangi imejikunja, na ukungu mweusi umepanda kutoka sakafuni mpaka kwenye picha ya babu. Harufu ile ile! Madam alikuwa amesimama chini amejifunika pua, analalamika, rutuba, rutuba, kila mahali rutuba!

Nikacheka. Nikamwambia Terry, ukuta wenu una rutuba, si mpande sukuma wiki.

Terry hakucheka. "Rutuba gani hiyo unasema? Anasema unyevu. Unyevunyevu, maji kwa ukuta. Hilo ndilo neno la kwanza nilijua hapa. Wiki tatu sasa napangusa rutuba."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Nina hakika? Angalia mikono yangu!"

Madam akaniuliza waridi lina nini. Nilikuwa nimelishika lile jiti jeusi, linadondosha maji kwenye zulia.

Rutuba katir. Duara la tatu na la nne, unyevu mwingi. Mzee alikuwa ananiambia pamejaa maji.

Jumapili, 7 Desemba. Riyadh

Nimeisikiliza. Mara tisa. Bado iko kwenye simu yangu, tarehe ishirini na tatu, sekunde kumi na nne. Winchi, honi, halafu sauti yake: ya muhandisa, talata wa arbaa, la tatu na la nne, rutuba katir, katir. Nazraa walla nastanna?

Nazraa nililijua, kupanda. Nastanna sikulijua, nikaliruka. Leo nimemuuliza katibu, nikijifanya nimelisikia kwenye filamu. Ni kungoja. Tupande au tungoje?

Tungoje! Aliniuliza! Halafu ile sauti yangu. Sijawahi kujisikia nikiongea Kiarabu. Sauti ya juu, ya furaha, ya mtu asiyejua chochote: tamam, yalla, izraa! Na ya pili, anauliza tena, pole pole kama mtu anayemwongelesha mgonjwa. Tamam, tamam! Nimeitupa simu kitandani. Wiki nzima nimetafuta inakotoka ile harufu.

Majibu ya maabara hayajawahi kufika. Nimepiga simu. Bado wanapima.

Nimempigia Dancan. Amesema siku ile mzee alikataa kuanza, akaisikiliza sauti yangu mara tatu, akampa na yeye asikilize. "Mzee akasema enjinia amesoma, labda kuna kitu anajua. Trekta ilizama mara nne. Simu yake ilianguka hapo tukisukuma."

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia.

"Ungesema sisi ni wajinga. Si huwa unasema?"

Huwa nasema. Na siku ile shambani alipotaka kusema nilimfunga mdomo mbele ya watu.

Niandike ukweli wote basi, maana hapa hakuna wa kunisoma. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la mzee. Lilikuwa la kitufe cha kufuta. Sekunde kumi na nne, na sauti zangu mbili, hakuna tena popote duniani. Simu yake imekufa. Kidole kilikuwa pale. Hakikubonyeza, lakini kilikuwa pale, na nilikiangalia kwa muda mrefu. Nilimwita kadhabu. Mbele ya watu anaowasimamia, watu wa umri wa watoto wake. Najionea kinyaa. Sijui namna nyingine ya kuliandika.

Terry amepiga mchana, madam amelala. Alishaelewa jana kutokana na uso wangu. Nilidhani atanionea huruma. "Sasa ukisema, ni wewe utapanda ndege. Hilo unajua? Bosi hapendi mtu wa kumfanya mjinga mara mbili." Nikamwambia najua. Nikasikia maji ya ndoo. "Na usiposema, usije tena kwa hiyo mlango ukinitafuta. Mimi nitakuwa napangusa hiyo neno lako kila siku."

Watoto wangu wawili wako Eldoret kwa dada yangu. Mkataba unaisha Februari. Najaribu kuandika hili kama sababu na linakataa kukaa kama sababu. Mzee ana mabinti kwenye hema.

Jumatatu, 8 Desemba. Riyadh

Nimemwambia katibu nataka dakika tano na bosi kesho, kabla ya Mzee Babikir kuingia. Kabla, nimesisitiza. Amesema sawa. Ameandika mahali.

Nimehesabu. Kuna mbegu ya kutosha duara moja na nusu. Siku ishirini na tatu mpaka mwisho wa mwezi. Maji yakitolewa wiki hii na jua likikaa, la tatu linaweza kupandwa upya, labda na sehemu ya la nne. Tatizo, hakuna anayejua yale maji yanataka kuelekea wapi isipokuwa mtu mmoja.

Mvua haijanyesha leo. Wote ofisini wanahuzunika.

Jumanne, 9 Desemba. Riyadh, ofisini

Naandika nikiwa kwenye viti vya kusubiri. Zulia limebadilishwa, jipya, la rangi ya maziwa. Udi tena. Nilifika saa mbili ili niwe wa kwanza. Mzee Babikir alikuwa ameshafika. Ametoka shambani alfajiri na lori la maziwa, amevaa kanzu safi iliyopigwa pasi, na nguo zake zote ziko kwenye begi moja miguuni. Begi dogo mno. Miaka kumi na tisa!

Nikamsalimia. Akaitikia vizuri kabisa, akauliza afya yangu, akasogea nikae. Kwa nini ananisogezea nafasi? Ningefurahi akinitemea mate.

Kisha akasema, pole pole, kwa maneno mepesi ili nimwelewe. Sasa ananichagulia maneno. Dancan amemwambia. Mzee alimuuliza kwenu rutuba ni nini, na Dancan akamwambia ni nguvu ya udongo, chakula cha mmea. Akatabasamu kidogo. Akasema ni neno zuri mlivyolifanya. Kwetu sisi ni maji tu.

Anajua. Tangu lini? Tangu Ijumaa, amesema. Siku nne anajua! Nikamuuliza, umemwambia bosi? Akatikisa kichwa. La. Nikauliza kwa nini. Akanitazama kana kwamba swali langu ni la ajabu. Simu ni yako, amesema. Sauti ni yako.

Hakunibembeleza, hakunitisha. Nilisubiri aniombe, ningejua la kufanya na mtu anayeniomba. Badala yake akachukua kalamu yangu, akachora duara kwenye ukurasa huu huu, juu hapo kona, akachora mstari kutoka upande wa kusini hadi chini. Hapa. Mtaro hapa, kina cha goti, si zaidi. Siku tatu maji yameisha. Usiingize trekta kubwa, ingiza ile ndogo nyekundu. Akanirudishia kalamu. Anafundisha! Anaondoka na begi na ananifundisha jinsi ya kuokoa duara langu!

Nimeshika simu. Nitaingia, nitaiweka mezani, nitabonyeza, basi. Sina haja ya kusema sana. Kiarabu chote nimeshakisema humo ndani.

Mlango umefunguka. Katibu ameangalia karatasi yake. Babikir, tafadhali. Nikamwambia mimi kwanza! Tulikubaliana jana, mimi kwanza! Ameinua mabega. Bosi ana ndege saa tano, anaanza na la haraka.

Mzee amesimama. Amevua viatu vyake, vina tope la bondeni limekauka kwenye kisigino, akavipanga ukutani ili asichafue zulia la watu. Soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba. Akageuka akaningoja, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Nikamwonyesha daftari. Nikamwambia shwaya, shwaya, kidogo tu, namalizia kuandika.

Akaitikia kwa kichwa, akaingia.

Mlango haukufungwa sawasawa. Namsikia bosi akimkaribisha, akimuuliza habari za mabinti, kwa upole ule ule. Nasikia kikombe kikiwekwa mezani. Sasa nasikia karatasi. Bosi anamwonyesha pa kutia sahihi, hapa na hapa, na mzee anauliza kama anaweza kuazima kalamu.

Kalamu ninayo mimi. Naandika.